Ng'ombe Aliyechorwa Akitoka Zizini

Walimu vijana wa wilaya hii wameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nadhani walitarajia habari za vyeo na mishahara, maana ndizo wanazozungumza wakati wa chai. Vyeo nilivipata kwa kuchelewa na mishahara iliisha, kwa hiyo hapo hapana la kuandika. Nitaandika juu ya somo la kuchora, ambalo wengi wenu mnalitumia kupumzikia Ijumaa mchana. Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilipewa somo hilo kwa sababu nilikuwa mgeni na walimu wenyeji hawakulitaka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na kituo changu cha kwanza kilikuwa Nkende, pale Tarime mjini. Mimi ni Mjita wa ziwani. Kikurya sikukijua, na kuhusu ng'ombe nilijua kwamba ni mnyama mwenye pembe. Siku ya kwanza darasani niliwasalimu watoto kwa Kiswahili nilichotoka nacho chuoni, kirefu na chenye heshima zote, nikawaeleza nimefurahi kiasi gani kuwa miongoni mwao. Walinitazama kimya mpaka nikamaliza. Kisha mtoto mmoja wa mbele akauliza kwa upole kama mwalimu anaumwa. Tangu siku hiyo nilianza kutumia sentensi fupi, na ninaamini zilinisaidia kuliko cheti changu.

Vifaa havikuwapo. Ubao tuliupaka mkaa uliosagwa pamoja na majani ya viazi, kazi ya kila Jumamosi. Karatasi tuliomba barazani kwa chifu, zile zilizokwisha andikwa upande mmoja, ndiyo maana picha nyingi za wakati ule nyuma zina kesi za mipaka ya mashamba. Rangi nyekundu ilikuwa udongo wa kichuguu, nyeupe chokaa, nyeusi masizi, na vyote tulivichanganya na ute wa yai ili visipukutike. Brashi ilikuwa mti wa mswaki uliotafunwa ncha. Anayetaka brashi nzuri amtafunishe mtoto mwenye meno yote, asiwape wanaong'oa meno. Picha tulizitundika kwa miiba, na kuzihifadhi katika sanduku la bati, kwa sababu mchwa wa huku hawachagui.

Baada ya muda nilihamishiwa shule moja upande wa Kerende, mashimo ya dhahabu yakiwa hapo jirani na Mto Mara ukipita kusini yake. Ilikuwa shule ya darasa la kwanza hadi la nne. Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Marwa, mwenyeji, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kusikia. Alivaa koti jeusi mwaka mzima, jua liwake mvua inyeshe, na mfukoni mwake mlikuwa na ufunguo wa ofisi, chaki na ugoro, ambavyo mara nyingine vilichanganyika. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa kuandaa somo. Mwalimu Marwa alinifundisha kunyamaza mtoto anapofikiri, jambo gumu zaidi. Alikuwa na desturi moja ambayo ningependa mwirithi: picha ya mtoto haitundikwi ukutani bila mtoto mwenyewe kusimama kando yake na kuisoma. Alisema picha isiyosomwa na mwenyewe itasomwa na wengine, na hao hawatasoma vizuri.

Siku moja akaja Bibi Elimu. Huyo alikuwa mama wa Kiingereza aliyesimamia shule za wilaya, mrefu, mwenye kofia na gari lililochemka maji kila mlima. Alileta habari kwamba ng'ambo kuna watu waliochoshwa na vita, wameanzisha mpango wa watoto wa nchi zote kupelekeana picha. Watoto wakijuana mapema, alisema, wakubwa watashindwa kupigana. Kila shule ichore picha za amani. Picha nzuri zitasafiri kwa meli, na za wenzetu zitakuja kwetu.

"Amani ya dunia," alisema. "Nyinyi naelewa?"

"Tumeelewa, Bibi," alijibu Mwalimu Marwa. "Tutaanza na ya hapa."

Bibi Elimu alituachia mfano, picha kubwa ya njiwa mweupe mwenye jani mdomoni. Niliibandika ubaoni, nikawaambia watoto kwamba huyu ni ndege wa amani, sasa kila mmoja achore. Wakachora kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona. Nilipokusanya karatasi, karibu zote zilikuwa na shamba la wimbi, dungu la kulindia ndege katikati, na juu ya dungu mtoto anazungusha kombeo. Njiwa walikuwa wamelala chini miguu juu. Nilimwuliza mmoja kwa nini. Akanijibu kwamba njiwa wakimalizwa, wimbi linabaki, watu wanashiba, ndiyo amani. Mwalimu Marwa alizipitia zote, akasema zimechorwa na watu wanaojua wanachosema, kisha akaenda nyuma ya ofisi kucheka.

Picha za wenzetu zilipofika, mambo yakabadilika. Zilikuwa katika bahasha kubwa, zikinuka rangi ya dukani. Watoto walishangaa theluji, na baada ya kueleza sana nilikubali kwamba hata mimi sijaiona. Walitafuta ng'ombe katika kila picha, wasipomwona wakawahurumia wenye picha. Kisha tukafika kwenye moja ambayo haikuwa na watu. Ilionyesha mtaa wa nyumba zisizo na mapaa, kuta zimeungua, na mlango mmoja umesimama peke yake bila nyumba. Nyuma ya picha palikuwa na maelezo kwamba mchoraji ni msichana, na kwamba hapo ndipo alipozaliwa.

Hawakuuliza ni nini. Huku kwetu nyumba iliyochomwa haihitaji maelezo. Ng'ombe walipokuwa wakivushwa mto kwa wizi, upande huu au ule, mwisho wake mara nyingi ulikuwa huo huo, na darasani mwangu walikuwamo watoto waliokwisha kukimbia moshi wakiwa mgongoni kwa mama zao.

Msichana mmoja alinyoosha mkono. Jina lake Robi, binti wa Mzee Chacha, darasa la nne.

"Mwalimu, vita vilipoisha, walirudishiana?"

"Walirudishiana nini?"

"Walivyochukuliana."

Nilimwambia sijui. Alikaa chini, hakuridhika, na mimi nikaendelea na picha iliyofuata, ya baiskeli.

Lazima niwaeleze habari za Robi, maana bila hizo hamtaelewa lililofuata. Wasichana darasa la nne walikuwa wachache mno. Wengi waliishia la pili, wakaolewa. Robi alikuwa na kichwa chepesi, na Mwalimu Marwa alikuwa akimwandalia mtihani wa kuingia shule ya kati ya wasichana, shule ya bweni ya wamisheni upande wa Morotonga, ng'ambo ya mto. Lakini mwaka huo huo alikuwa ameposwa. Mahari ilikuwa imekwisha kuingia zizini kwa Mzee Chacha, mchana, mbele ya watu. Wimbi likivunwa angepelekwa kwa mume, na mtihani ulikuwa baada ya mavuno. Baba yake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kijana wake Mwita anayetaka kuoa, na desturi iko wazi: ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Mwita alikwisha kupata mchumba na alikuwa akihesabu siku. Mwalimu Marwa alikwenda kwa Mzee Chacha kumwomba angoje mwaka mmoja tu. Alipewa uji, akasikilizwa, akasindikizwa mpaka njiani kwa heshima zote, na jibu likabaki lile lile.

Niliwapa watoto kazi upya. Safari hii sikubandika kitu ubaoni. Niliwaambia wachore amani kama wanavyoijua nyumbani kwao, na wasinichoree ndege. Wakachora ng'ombe. Kila karatasi ilikuwa na zizi, mlango wa zizi, na ng'ombe wanaingia jioni, mama anangoja na kibuyu. Muhula mzima nilikuwa nikihangaika na miguu ya ng'ombe, kwa sababu watoto huchora minne yote upande mmoja, mnyama akaonekana kama benchi. Walipoipata miguu, nilijiona nimefaulu katika maisha.

Bibi Elimu alitaka wazazi waone picha kabla hazijasafiri. Tuliweka maonyesho siku ya mnada, wakati wa kiangazi, ambapo mto hupungua na watu wa ng'ambo huvuka kwa miguu kuleta mifugo. Chifu aliruhusu. Mwalimu Marwa aliweka sharti moja: fimbo, marungu na mikuki vyote viwekwe ofisini, watu waingie mikono mitupu.

Asubuhi yake tulikuwa tukitundika picha kwenye ukuta wa nje wa darasa. Alipofika kwenye picha ya Robi akasimama.

"Umeiona hii?"

"Nimeiona, ni nzuri," nilisema. "Miguu imekaa vizuri."

"Masatu, wewe umetazama miguu." Aliweka kidole ubavuni mwa ng'ombe. "Hapa pamechomwa chapa mara mbili. Ya chini ni ya ng'ambo ya mto. Ya juu ni ya wale waliomposa huyu mtoto. Na sikio namna hii sisi hatukati."

Mjita nikaelewa polepole. Ng'ombe huyo aliibwa ng'ambo, akachomwa chapa nyingine, akaletwa kwa Mzee Chacha katika mahari. Mtoto alimchora alivyo, na leo watu wa ng'ambo watapita hapa ukutani. Nikang'oa mwiba wa kwanza niitoe picha. Mwalimu Marwa akanishika mkono, akatuma Robi aitwe.

Alikuja akifuta mikono kwenye gauni. Mwalimu Marwa alimwuliza kama anajua picha hii ikibaki hapa litatokea nini.

"Najua, mwalimu."

"Watu wanaweza kuumizana."

"Najua. Lakini nikiitoa, mimi ninakwenda kwa wale watu, na huyu ng'ombe anampa Mwita mke, na siku wenyewe wakimpata hukohuko mbele watachoma nyumba tatu badala ya moja."

Alisema bila kulia, macho yake yakiwa kwenye picha. Mwalimu Marwa alinyamaza kwa muda, kama alivyonifundisha kunyamaza. Kisha akaurudisha ule mwiba mahali pake.

"Basi utasimama kando yake," alisema. "Usiondoke mpaka uisome."

Wazee waliingia jua lilipopanda. Nilikuwa nimefikiri watatembea ukutani wakitazama rangi. Walitembea kama watu walio mnadani. Picha za maua na kanisa walizipita bila kusimama. Kwenye ng'ombe walisimama, wakainama, wakasoma masikio na mbavu, wakataja kwa sauti huyu wa nani, yule wa nani, mama yake alinunuliwa wapi. Walikuwa sahihi kila mara, na watoto, kila mmoja akisimama kando ya picha yake na kuisoma, walifurahi sana kwamba ng'ombe wao wametambulika. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nikitazama mstari wa wazee ukisogea kuelekea kwa Robi.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Mzee Makuru, mtu wa ng'ambo ya mto, mkavu, mwenye blanketi begani. Alisimama. Alitoa ugoro, akaunusa, akarudisha kikopo.

"Huyu ni wangu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeliona koti lake kwenye msumari wa mwingine.

Vijana wa ng'ambo wakageuka kuelekea ofisini kwenye fimbo zao, na vijana wa kwetu wakafanya hivyo hivyo. Mlango ule ulikuwa mbovu, mtu mmoja angeweza kuufungua kwa bega. Bahati yetu ni kwamba ulikuwa mlango wa serikali na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Waposaji wa Robi walikuwapo pia, na mmoja wao akaanza kueleza, kabla hajaulizwa, kwamba ng'ombe walinunuliwa mnadani.

Mwalimu Marwa hakupandisha sauti. "Wazee, hapa kila picha inasomwa na mwenyewe. Zimesomwa hizo zote, hii bado. Robi, soma picha yako."

Robi akapiga goti kidogo. "Shikamooni, wazee."

Basi hapo niliona kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha ualimu. Mtoto akikusalimu hivyo huwezi kukaa kimya. Waliokuwa njiani kwenda mlangoni wakageuka, na wote, wa upande huu na wa upande ule, wakajikuta wakiitikia marahaba kwa pamoja. Ukishaitikia shikamoo ya mtoto, huna budi kusikiliza anachotaka.

"Hili ni zizi la kwetu," alisema. "Huyu ng'ombe aliletwa katika mahari yangu. Sikio lake si la upande huu. Tulionyeshwa picha ya watoto wa Ulaya waliochomewa nyumba. Nikamwuliza mwalimu kama watu waliochukuliana vitu walirudishiana. Mwalimu akasema hajui. Ndipo tukaambiwa tuchore amani. Wenzangu wamechora ng'ombe wanaingia zizini. Mimi nimemchora huyu anatoka. Anarudi kwao."

Kweli, wote tulikuwa tumesoma chapa, hata Mwalimu Marwa, na hakuna aliyetazama ng'ombe ameelekea wapi. Mkia ulikuwa ndani ya zizi na pembe zilikuwa nje. Mzee Makuru alirudi nyuma, akazitazama tena picha nyingine moja moja, ng'ombe wote wanaingia, kisha akarudi kwa Robi.

"Kumbe anatoka," alisema.

"Anatoka, mzee."

"Anakamuliwa?"

"Anakamuliwa. Ni mpole, ila mguu wa nyuma wa kushoto hapendi ushikwe."

"Ndiye huyo," alisema Mzee Makuru. "Alimpiga teke mke wangu wa kwanza." Mtu mmoja akacheka, sijui wa upande gani, na wengine wakapata pa kupumulia.

Macho yakamgeukia Mzee Chacha. Angeweza kukana. Angesema mtoto amechora upuuzi, na mambo yangeishia vichwani mwa watu, kwa damu. Alisimama polepole. "Nilimpokea mchana, mbele yenu," alisema. "Ile chapa ya chini niliiona. Nilijisemea kwamba ng'ombe wa mahari hachunguzwi. Haya, mwenyewe ni huyu hapa."

"Tata," alisema Robi, ndiyo kusema baba, "nisamehe."

Mzee Chacha alitoka uwanjani bila kuchukua fimbo yake.

Usiku huo na siku kadhaa zilizofuata Robi alilala kwa Mwalimu Marwa, kwa mkewe, kwa sababu baba yake alituma neno kwamba asimwone. Mwita alikuja shuleni mara moja, akasimama nje ya dirisha la darasa langu, akamtazama dada yake, akaondoka. Nilimhurumia. Hakuwa ameiba kitu na mke wake ndiye aliyekuwa akipotea. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuogopa kama juma lile, na sikuwahi kuliamini somo langu kidogo kama juma lile.

Kisha wakaitisha ritongo, mkutano wa hadhara ambao ndio hukata mashauri ya mifugo, na safari hii wazee wa pande zote mbili waliketi pamoja. Picha ilipelekwa, ikashikwa juu na mzee mmoja kama shahidi. Waposaji walishikilia kwamba ng'ombe walimnunua. Walipoulizwa kwa nani, kila mmoja alitaja mtu wake. Hadi leo hakuna aliyemwiba ng'ombe yule. Alivuka mto mwenyewe, na kwa kadiri ya ushahidi uliotolewa, alijichoma chapa mwenyewe. Ritongo haikutaka kufukua zaidi ya hapo. Iliamua ng'ombe arudi na ndama wake, mahari iliyobaki irudi ilikotoka, na posa ife. Watu wa ng'ambo walitakiwa waseme wanadai faini gani.

Mzee Makuru alisimama. "Faini sitaki. Nasikia yule mtoto halali kwao. Mtoto aliyenirudishia ng'ombe asifukuzwe nyumbani kwa sababu ya ng'ombe wangu. Baba yake amchukue, basi, nami nimelipwa."

Ilibidi Mzee Chacha ajibu mbele ya watu wote. Alikaa ameshika tama, kisha akasema, "Nitamchukua. Na aende huko shuleni kwao. Nikimwoza tena, nani ataniletea ng'ombe? Kila mposaji atasikia kwamba mtoto huyu ana penseli."

Ritongo nzima ikavunjika mbavu. Yeye hakucheka, lakini alikwenda kwa Mwalimu Marwa jioni ile na kumchukua binti yake, na niliwaona wakipita, mzee mbele, mtoto nyuma, hawasemezani. Mwita alinuna msimu mzima, akaenda kufanya kibarua machimboni, na baadaye alioa kwa ng'ombe aliowanunua mwenyewe. Mchumba alikuwa amemngoja. Hilo halikuwa jambo la hakika, na lingeweza kwenda vingine.

Bibi Elimu alipokuja kuchagua picha za kwenda Ulaya alisikitika kukuta ile haipo. Wazee walikuwa wameizuia barazani, wakisema shahidi haendi safari mpaka kesi ipoe. Kesi ilipopoa, mchwa walikuwa wameila. Ulaya zilikwenda picha za njiwa wa kombeo, na tulipata barua ya shukrani iliyosifu upendo wa watoto wetu kwa ndege. Niliendelea na mpango ule miaka kadhaa, na picha nyingi nzuri zilipita katika sanduku langu. Nilipoulizwa na wakaguzi kama zimeleta amani ya dunia nilijibu kwamba posta ya kwenda imefanya kazi vizuri.

Robi alifanya mtihani baada ya mavuno na akashinda. Sasa likaja suala la kumfikisha shuleni. Njia ya Morotonga ilivuka mto na kupita katikati ya watu wa ng'ambo, na haikuweza kumalizika kwa siku moja ukiwa na mtoto na sanduku. Mzee Chacha alikuwa amevuka mto ule mara nyingi katika ujana wake, kwa mambo ambayo hakunieleza na sikumwuliza, lakini hakuwa amelala upande ule hata mara moja. Watu wa rika lake walivuka, wakafanya walilofuata, wakarudi kabla hakujapambazuka. Mwalimu Marwa alijitolea kumpeleka mtoto badala yake. Mzee Chacha alikataa, akasema ni wake.

Aliporudi alipita shuleni kwanza, kabla ya kwenda kwake. Viatu vyake vya tairi vilikuwa na vumbi jeupe la huko. Nilimpa kiti, nikamwamkia, nikamwuliza habari za mtoto. Alisema amepokelewa, amepewa kitanda, na masista wamemwambia asiwe na wasiwasi.

"Na njiani mlilala wapi?"

"Kwa Makuru."

Alikunywa maji, akaweka kikombe chini.

"Tulimkuta anakamua. Alitupa maziwa, akatutandikia. Nikajilaza karibu na mlango, viatu miguuni, nikisikiliza," alisema. Alitazama nje kwa muda, kuelekea kusini, kisha akanigeukia kama mtu ambaye bado anashangazwa na habari anayoileta. "Mwalimu, niliamshwa na jua."